Historia ya Dada Yetu, Aliyeonja Chai ya Hakimu

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki mliofika kutushika mkono, familia imemwomba mdogo wake marehemu, yule anayemfuata kwa kuzaliwa, asimame hapa awasomee maisha ya dada yake, naye anaomba uvumilivu wenu, kwa sababu marehemu hakupenda habari ikatwe katikati, na zaidi ya hapo hakupenda habari iliyonyooka kupita kiasi, ndiyo maana wenzake kazini walimpachika jina la Mpelelezi, jina alilolichukia mwaka wa kwanza, akalizoea mwaka wa pili, na mwishowe akawa analiitikia hata mbele ya wakwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Juni 1959, katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa baba mwashi na mama mshonaji. Alipokuwa na umri wa miaka sita bibi yetu mzaa baba aliugua, akalazwa chumba cha ndani, na watoto wakaambiwa wasipige kelele kwa kuwa bibi amelala. Wote wakaenda kucheza, isipokuwa yeye, aliyesimama mlangoni muda mrefu, kisha akamfuata mama kwenye cherehani akamwambia, "Mama, bibi hakoromi." Mama akamjibu aache uchuro, naye akarudia kwamba bibi akilala hukoroma, na leo hakoromi, na mama alipoinuka kwa hasira kwenda kumwonyesha, alikuta mama mkwe wake ameshakata roho. Kuanzia siku hiyo nyumbani kwetu hakuna aliyemwambia mtoto yule "nyamaza" bila kufikiri mara mbili.

Alisoma elimu ya msingi kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, na sekondari kuanzia 1974 hadi 1977, ambako walimu walikubaliana kwamba ana akili na wakakubaliana pia kwamba anachosha, kwani mwalimu akisema jambo, yeye alitaka kujua mwalimu kalijuaje. Mwaka 1979 alijiunga na mafunzo ya muuguzi msaidizi, akahitimu Novemba 1980, na Januari 1981 akaajiriwa katika hospitali ya wilaya, wodi ya wanawake, kazi yake ikiwa kuogesha, kulisha, kugeuza wagonjwa na kutandika vitanda, kazi ambazo alisema zinakuweka karibu na mtu kuliko kazi ya daktari, maana daktari humkuta mgonjwa ameshavishwa.

Ni katika wodi hiyo alikokutana na mumewe, fundi umeme, aliyeitwa kurekebisha taa ya ukumbini, akairekebisha, akarudi wiki iliyofuata kuirekebisha tena, na wiki ya tatu akarudi na ngazi yake bila hata kuitwa. Marehemu alimsimamisha chini ya ngazi, akamuuliza, "Fundi, taa hii hii mara tatu. Ama hujui kazi, ama unaiharibu mwenyewe, nijibu ni lipi."

Fundi akajibu kutoka juu, "Kazi naijua, dada."

Walifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1984, lakini si kabla marehemu hajamtuma shangazi katika mitaa yote mitatu aliyowahi kuishi bwana harusi, akaulize kwa majirani kama hakuacha mke mahali, na shangazi aliporudi na habari njema, marehemu alimuuliza kama aliuliza wanaume au wanawake, na kwa kuwa aliuliza wanaume, alirudishwa. Mume wake yupo nasi hapa leo, na anasema hajutii viatu vya shangazi vilivyokwisha soli. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa Agosti 1986, ambaye ni mwalimu, na kijana aliyezaliwa Machi 1990, ambaye ni fundi magari, wote wakiwa wamelelewa na mama aliyeweza kujua kwa kuwatazama wakivua viatu kama kweli walitoka shuleni.

Mwaka 1996 marehemu alihamia makao ya wazee, yale majengo marefu yenye korido mbili, moja ya wanaume na moja ya wanawake, na ukumbi wa chakula katikati, wenye viti vya plastiki vya kijani na televisheni iliyokuwa haizimwi. Huko alifanya kazi miaka ishirini na mitatu, na ni huko lilikotokea jambo ambalo wengi wenu mmelisikia vipande vipande, baadhi vikiwa si vya kweli, nasi familia tunaona ni haki yake lisomwe lote.

Mwaka 2007 aliletwa mzee mmoja, hakimu mstaafu aliyefiwa na mkewe, mtu mrefu aliyefunga vifungo vya shati mpaka shingoni, ambaye ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemfikisha mahali pa kutojua mwaka. Miezi ya kwanza alikaa vizuri, kisha akaanza kuwapiga wahudumu asubuhi wakimvalisha, na kila aliyepigwa alikwenda kwa sista mkuu, msimamizi wa wauguzi, akasema neno moja tu, kwamba mzee anasumbua, na sista mkuu alimwambia daktari, aliyefika mara moja kwa mwezi, kwamba mzee anasumbua, na daktari akaandika dawa ya kutuliza, ile kali wanayopewa wenye ugonjwa mkubwa wa akili. Wakati huo marehemu alikuwa zamu za korido ya wanawake, na aliporudishwa korido ya wanaume, Februari 2008, alimkuta Hakimu amekunjika kitini kama koti lililotupwa, mate yakimtoka, na akiinuka anatembea kwa kuburuta miguu, na paji la uso lina alama za kuanguka.

Wenzake walimpongeza kwa bahati yake.

"Siku hizi hasumbui kabisa," alisema mwenzake wa zamu, mama mnene mcheshi ambaye sote tulimfahamu kwa jina la Cheko. "Ila chai tu. Ukimpelekea chai anafufuka."

Ilikuwa kweli, kwani kikombe cha chai kilipofika mbele yake, Hakimu alikaza macho, akakisukuma kwa nyuma ya mkono, akasema kwa sauti iliyobaki, "Peleka. Mmeweka kitu." Wahudumu walicheka, wakambembeleza, mwisho akanywa nusu. Daktari aliambiwa kwamba mzee bado ana shuku, anaona anawekewa sumu, na daktari akaongeza dawa, mara ya kwanza Machi, mara ya pili Mei.

Marehemu hakucheka, kwa sababu alikuwa ameona jambo dogo likamkera kama jiwe kiatuni, nalo ni kwamba mzee yule alikunywa maji kutoka jagi la mezani bila neno, akala mkate bila neno, lakini chai ya asubuhi aliikataa, na chai ya jioni aliipokea. Mtu mwenye kuogopa sumu, alijiuliza, huchagua saa? Akaanza kumshuku kila mtu. Alimshuku mpishi, akasimama jikoni mpaka mpishi akamuuliza kama kaacha kitu. Alimshuku mtoto wa kiume wa Hakimu, aliyekuwa akija kila Jumamosi, haketi, anamtazama baba yake akiwa mlangoni, kisha anakwenda kunong'ona na sista mkuu, na marehemu akaapa nyumbani mbele ya mumewe kwamba yule kijana anamlaza baba yake ili amsainishe karatasi za nyumba.

Asubuhi moja ya Juni alikichukua kikombe cha Hakimu kabla hakijapoa, akakitazama chini ya dirisha, akaona unga mweupe umeganda pembeni, akaonja. Chai ilikuwa na sukari nyingi, na chini ya sukari uchungu uliomshika ulimi.

"Nini hiki?" alimuuliza Cheko.

"Dawa yake. Vidonge alikuwa anavitema, sista akasema tuvisage kwenye chai ya asubuhi. Mwanawe anajua."

"Kwa hiyo mzee anasema kweli."

"Anasema kweli nini?"

"Kwamba tumeweka kitu. Anasema tumeweka, tumeweka kweli, tunakwenda kumwambia daktari kwamba anaona mambo yasiyokuwepo, daktari anaongeza, nasi tunaongeza kwenye chai."

Waliokuwepo wanasema ndiyo mara ya kwanza walimwona Cheko akikosa kicheko.

Marehemu alikwenda moja kwa moja ofisini kwa sista mkuu, akaeleza, na swali alilorudishiwa lilikuwa moja, kama ni kweli ameonja dawa ya mgonjwa. Alikubali, maana lilikuwa kosa na alilijua, na kesho yake alihamishiwa chumba cha kufulia. Huko alikaa miezi mitatu kati ya mapipa ya maji moto na kamba za kuanikia, na maneno yakamfuata, wengine wakisema ametumwa na gazeti, wengine wakisema anaiba vidonge na alionja ili kupima ubora, na mkoba wake ukawa unapekuliwa getini kila anapotoka. Mumewe alimshauri aache kazi. Alimjibu kwamba akiacha watasema ameshikwa.

Jumamosi moja mtoto wa Hakimu alipita uani, akamkuta marehemu anaanika mashuka, na marehemu, ambaye alikuwa amelimeza neno lile muda mrefu, alilitema bila salamu. "Kijana, unataka mzee alale mpaka lini? Mpaka asaini?"

"Asaini nini, mama?"

"Nyumba."

Yule kijana alimtazama, akaketi juu ya pipa lililopinduliwa, na huyo ndiye mtu aliyekuwa haketi. Alisema nyumba ni ya kupanga, imekuwa ya kupanga tangu mama yake alipomzaa, na yeye anasimama mlangoni kwa sababu hawezi kukaa karibu na baba asiyemtambua, na anapomnong'oneza sista mkuu huwa anaomba baba yake asirudishwe, maana aliambiwa mwanzoni kwamba mzee asipotulia makao hayatamweza, na kwake ni ghorofa ya tatu, na mkewe ana mtoto mchanga. "Waliniuliza kama dawa iwekwe kwenye chai," alisema, "nikasema wekeni. Ningefanya nini?" Marehemu alibaki ameshika shuka lililolowa. Alimwomba radhi, akamweleza yote aliyoyaona, na ni huyo kijana, si yeye, aliyemngoja daktari getini siku ya ziara.

Daktari hakujua habari za chai. Aliambiwa mzee anameza kwa hiari yake na kwamba shuku zinazidi licha ya dawa, jambo lililomtisha, ndiyo maana akaongeza. Asubuhi ile ile aliwakusanya ukumbini wahudumu wote, sista mkuu na yule kijana, akazima televisheni kwa mkono wake, na marehemu, aliyeitwa kutoka kufulia na mikono bado ina povu, alikaa nyuma akiwa na hakika kwamba bwana huyu anajikosha.

"Mimi namwona mzee dakika chache kwa mwezi," daktari alisema. "Ninyi ndio mnaomvua na kumvalisha. Neno 'anasumbua' sitaki kulisikia tena, halinisaidii. Niambieni anafanya nini, saa ngapi, nani yupo, na kabla yake kulikuwa na nini."

Wahudumu walitazamana, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza wahudumu swali la namna hiyo, na kila mmoja alishuku kuna mtego. Aliyeanza alikuwa Cheko. Alisema mzee hampigi mtu akiwa kitini, wala mezani, humpiga mtu asubuhi, wakati wa shati, na si shati lote, ni mkono wa kulia unapoinuliwa. Mwingine akasema naye alipigwa wakati huo huo. Daktari akaenda akamshika Hakimu bega la kulia taratibu, na mzee, pamoja na dawa yote iliyokuwa mwilini, akakunja uso. Bega lilikuwa limekakamaa, pengine kwa miaka, na lugha ya kulieleza ilikuwa imemtoka.

Hapo ilianza kazi ambayo marehemu aliiona kuwa kubwa kuliko zote alizozifanya, na aliifanya akiwa amerudishwa koridoni kwa ombi la daktari. Mzee alipewa dawa ya maumivu kabla ya kuvishwa, mbele yake, akiambiwa ni nini. Mkono mbovu ulianza kuingia kwenye shati kabla ya mzima. Mhudumu alibisha hodi, akajitaja, akangoja, na alikuwa yule yule kila alipoweza kuwa yule yule. Chai ikawa chai. Dawa ya kutuliza ilishushwa kidogo kidogo, kwani daktari aliwaonya kwamba kuikata ghafla ni hatari, na marehemu, aliyetaka ikomee siku hiyo hiyo, ilibidi azuiwe.

Haikwenda kama maji. Katika mwezi wa pili Hakimu alirusha kiti ukumbini, akapiga kelele siku tatu, na sista mkuu akasema si aliwaambia, na hata Cheko akaanza kusema labda turudishe. Wakakaa tena, wakajiuliza yale maswali ya daktari, na jibu likatoka kwa sista mkuu mwenyewe, aliyenyamaza katikati ya sentensi akasikiliza, kisha akasema, "Mafundi." Walikuwa wanatoboa ukuta wa choo, nyuma kabisa ya kitanda cha mzee. Sista mkuu aliondoka mbio kwenda kuwasimamisha, na marehemu alikiri nyumbani jioni hiyo kwamba amemshuku mama yule kwa mengi, lakini hakujua kwamba anaweza kukimbia.

Kufikia Desemba 2008 dawa ile ilikuwa imekoma. Tusiseme Hakimu alipona, kwa sababu ugonjwa wa kusahau hauponi, na mwaka haukumrudia. Lakini aliketi wima, aliacha kuanguka, alidai magazeti na kuyasoma kichwa chini miguu juu, na Jumamosi moja alimtazama mtoto wake aliyesimama mlangoni kama kawaida, akamuuliza kwa sauti ya mahakamani, "Wewe, hilo shati ni la nani?" Lilikuwa la Hakimu mwenyewe. Kijana alijitetea, akashindwa, akahukumiwa kukaa, akakaa, na tangu siku hiyo alikuwa anakaa mpaka saa za kuona wagonjwa zinakwisha. Hakimu alifariki mwaka 2010 kwa homa ya mapafu, akimtuhumu kila mtu, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mwanawe, ambaye leo yupo katikati yetu, na alifika jana kusaidia kufunga turubai.

Baada ya Hakimu wahudumu waliendelea kukutana ukumbini kila wiki, televisheni imezimwa, wakiwajadili wazee mmoja mmoja, na wengi walipunguziwa dawa zile, wengine wakaachishwa kabisa. Hata hivyo kulikuwa na mama mmoja aliyeona watu wabaya ukutani, ambaye walijaribu kumpunguzia mara mbili, na mara zote mbili walimkuta amejibanza chini ya kitanda akitetemeka, na ni marehemu, Mpelelezi huyo huyo, aliyemwomba daktari amrudishie, akisema, "Hii ni dawa ya mgonjwa, zile zilikuwa dawa zetu."

Marehemu alistaafu tarehe 30 Juni 2019. Mwaka 2022 alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa katika hospitali ya rufaa, ambako madaktari vijana walijifunza kutoingia chumbani kwake bila majibu, kwani kila kidonge kilihojiwa ni cha nini, kimeandikwa na nani na kitaachwa lini. Januari mwaka huu hali ilipokuwa mbaya alimwita mdogo wake, akataka asomewe historia hii, akijua fika kwamba imeshaanza kuandikwa. Alisikiliza amefumba macho. Ilipofika sentensi isemayo kwamba alipendwa na wote, alifumbua.

"Nani kakuambia?"

"Dada, ndivyo inavyosemwa."

"Futa. Na usimseme sista mkuu vibaya. Sema tulikuwa wahudumu wawili kwa wazee thelathini. Hilo umeliandika?"

Halikuwa limeandikwa, na sasa limesomwa. Kisha alifumba macho tena, mdogo wake akadhani amesinzia, akaanza kukunja karatasi, naye akasema, bila kufumbua macho, kwamba kabla ya Hakimu kulikuwa na wengine, miaka kumi na zaidi ya wengine, ambao aliwavalisha, akawalisha, akawasifu kwa jamaa zao kuwa ni watulivu, wakafa watulivu, na yeye akawafunga kidevu. "Wale ndio wanaonikosesha usingizi," alisema. "Sijui walikuwa wanataka kusema nini." Mdogo wake alimwambia pengine walikuwa watulivu kweli. Akajibu, "Pengine," lakini kwa ile sauti yake mnayoijua, na akaagiza watajwe siku ya leo, wote kwa pamoja, kwa kuwa majina yao hakuyakumbuka yote, nasi tunawataja.

Marehemu alifariki Jumamosi tarehe 17 Februari 2024, saa mbili asubuhi, akiwa na mumewe na binti yake. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu na ndugu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya rufaa kwa kumjibu kila alipouliza, majirani waliopika, waliobeba maji na waliolala na wafiwa, wafanyakazi wote wa makao ya wazee, wa zamani na wa sasa, bi Cheko, daktari, na sista mkuu, ambaye amesafiri kutoka mbali na ameomba awe mmoja wa watakaombeba.

Dada, tumesoma yote uliyotuagiza, tumefuta uliyotuambia tufute. Amani iwe nawe unapopumzika.